Mgeni wa Nani?

Chombo cha tanga kilichofika pwani yetu kutoka Sur, Mukalla au Kuwait kilikuwa na swali moja la kujibu kabla hakijashusha hata pakacha la tende: mwenyeji wako ni nani? Nahodha asiye na jibu alikuwa na kazi. Angeweza kuwa na shehena ya thamani, mabaharia wazima na jina zuri huko kwao, lakini kama mjini hakuna mtu wa kusema "huyu ni wangu," alikaa nangani akiutazama mji kwa mbali.

Nayasema haya kwa sababu nimekulia katika nyumba iliyoishi kwa swali hilo. Marehemu baba yangu, kama babu yangu kabla yake, alikuwa mwenyeji wa manahodha pale Mji wa Kale, Mombasa. Mimi nilikuja kuwa wakala, yaani yule mtu anayekimbia na karatasi za vyombo kutoka ofisi hii hadi ile. Kazi ni ile ile, ila ya baba ilikuwa na kahawa.

Aliyetuachia maelezo mazuri ya desturi hii ni Ibn Battuta, Mmoroko wa Tangier, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasema jahazi likikaribia, vijana wa mji hutoka na vidau kulilaki, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Wakipanda chomboni, kijana humwendea mfanyabiashara mmoja, akamwekea sahani mbele yake, akasema: huyu ni mgeni wangu. Basi. Mfanyabiashara huyo halali ila kwa yule aliyemlisha, isipokuwa awe ni mtu wa kuja kila mara mwenye watu wake mjini. Mwenyeji humuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka kurudi nacho. Atakayenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake haihesabiki.

Ibn Battuta naye alifuatwa na kijana wake, lakini watu wakasema huyu si mfanyabiashara, ni mwanachuoni. Kadhi akateremka mwenyewe ufukweni na wanafunzi wake kumpokea. Akapelekwa kwanza kwa Sultani, akapewa tambuu na popoo na kunyunyiziwa marashi ya mawaridi, ndipo akaonyeshwa pa kulala. Kisha kikaja chakula: wali wa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi, maembe. Mtu wa pwani akiisoma orodha hiyo leo hana haja ya kufafanuliwa.

Wengi huisoma habari hii kama sifa ya ukarimu wetu. Ukarimu ulikuwapo, sikatai. Lakini aliyekulia kando ya daftari la hesabu huona jambo jingine pia: sahani ile ni mkataba, na anayeonja amekwisha kutia sahihi. Mwenyeji anapata ujira wake kwenye kuuza na kwenye kununua, na mgeni hana ruhusa ya kumruka. Kwa upande wa pili, mgeni hatapunjwa sokoni, hatalala nje, na akiugua ana mlango wa kubisha. Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake, na ndiyo maana ilidumu.

Iliyoifanya desturi hii iwe ya lazima ni pepo. Kaskazi humleta mgeni kuanzia Desemba, na hawezi kurudi Uarabuni wala Bara Hindi mpaka kusi ianze kuvuma mwezi wa Aprili. Kwa hiyo anayefika kwa tanga hafiki kwa siku mbili. Waliosema mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwahi kumpokea nahodha anayengoja kusi. Katika miezi hiyo mtu atataka nyumba, atataka mkopo, pengine atataka mke. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja jambo hilo hilo kwa bandari ya Rhapta, katika pwani hii hii: manahodha wa Kiarabu waliowajua wenyeji, wakaoana nao, na wakaijua lugha yao. Miaka zaidi ya 1,000 kabla ya sahani ya Mogadishu, njia ya kuingia bandarini ilikuwa tayari inapita katika nyumba ya mtu.

Sasa mtazame aliyekuja bila mwenyeji. Vasco da Gama, Mreno, alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Usiku ule ule ikatoka mashua na watu kama mia moja wenye silaha. Wareno wakaruhusu wachache tu kupanda. Sultani akapeleka kondoo, machungwa, ndimu na miwa, pamoja na pete ya amana, na kumwambia aingie bandarini. Da Gama akajibu kwa kipande cha ushanga wa marijani, akabaki nje. Tarehe 10 walipojaribu kuingia, meli ikakataa kugeuka, wakatupa nanga tena kwa haraka, na katika fujo hiyo marubani waliokuwa wamewachukua kutoka Msumbiji wakajitupa baharini wakaogelea. Wareno wakawatesa mateka waliokuwa nao kwa mafuta yanayochemka ili waseme ni njama gani iliyopangwa. Tarehe 13 wakaondoka.

Malindi mambo yalikwenda vizuri zaidi, lakini hata huko Da Gama hakuteremka. Mfalme alilazimika kumfuata kwa mashua, wakaonana juu ya maji, kila upande ukishika watu wa upande wa pili kuwa dhamana. Alipewa rubani, akavuka hadi Calicut mwezi wa Mei. Mombasa tunahesabiwa kuwa wakorofi kwa habari ya mwaka ule, na huenda tulikuwa. Ila mimi, kwa macho ya wakala, naona nahodha aliyefika bandari ya ugeni akiwa na mateka badala ya mwenyeji. Mtu wa namna hiyo hata leo huwezi kumwombea kibali.

Karne zilizofuata, kazi ya mwenyeji ilianza kugawanywa vipande. Unguja kipande cha kwanza kilikwenda forodhani. Sultani Seyyid Said alipofanya mapatano na Wamarekani mwaka 1833, ushuru wa bidhaa ziingiazo ukawekwa asilimia 5, na kuukusanya akakodishwa Mhindi wa Kachi, Jairam Shivji. Kampuni ya ukoo wake iliishika forodha mpaka mwaka 1876 ilipokwenda kwa Taria Topan. Jairam hakuwa karani wa serikali. Alikuwa tajiri aliyelipia haki ya kukusanya, na mtu yule yule aliyekutoza ndiye angeweza kukukopesha na kukununulia karafuu. Mgeni alikuwa bado ana uso wa mtu mbele yake.

Kipande cha pili ni bendera. Hapa pana kisa ambacho watoto wetu wangesomeshwa shuleni kama mitaala ingeandikwa na watu wa baharini. Waingereza, katika kupiga vita biashara ya watumwa, walipekua majahazi kila walipoyakuta. Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe na Mwingereza. Watu wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, wakaona mlango: wakajipatia hati za Kifaransa na kutweka bendera ya Ufaransa kwenye majahazi yao, wengine kwa kuepa usumbufu tu, wengine kwa kuwa kweli walibeba watumwa. Ugomvi ukafika The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, iliyotoa hukumu tarehe 8 Agosti 1905. Kwa ufupi, hukumu ilisema kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kumpa bendera yake raia yeyote tu wa Sultani wa Maskati, isipokuwa wale waliokuwa kweli chini ya ulinzi wake kisheria. Majahazi ya Sur, yaliyokuwa yakitambuliwa kwa nahodha wake na kwa ukoo wake, sasa yalitambuliwa kwa kipande cha kitambaa, na majaji wa The Hague ndio walioamua nani akishike.

Kipande cha tatu ni maradhi, na huku sina ugomvi na serikali. Ragusa, mji unaoitwa leo Dubrovnik, ulianza mwaka 1377 kuwaweka kando kwa siku 30 watu waliotoka penye tauni. Baadaye siku zikawa 40. Bendera ya manjano inayopandishwa hadi leo na chombo kinachoomba ruhusa ya kuingia ni mjukuu wa amri za namna ile. Kwetu, gereza lililojengwa kisiwani Changuu miaka ya 1890 kwa agizo la Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani wa Unguja, liliishia kuwa karantini ya wasafiri. Hofu haikuwa ya bure: tauni ilikuwa imezuka Bombay mwaka 1896, na vyombo vya Bara Hindi vilikuwa vikija kila msimu.

Lakini bahari imesingiziwa pia. Kipindupindu kilichoua watu kwa maelfu Unguja mwaka 1869 na 1870, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akiishi huko, James Christie, alikifuatilia nyayo zake na kuona kwamba hakikushuka kutoka chomboni. Kilipita bara, kwenye njia za misafara, kikatokea Pangani na kuvuka. Bandari nzima ilikuwa imeangalia mashariki, na adui akaingia kwa mlango wa nyuma.

Mombasa ya utoto wangu ilikuwa na vipande vyote hivyo, kila kimoja na ofisi yake, na bado ilikuwa na mwenyeji. Meli kubwa zilikwisha kuhamia Kilindini, ambako reli ilianza kujengwa mwaka 1896 na gati za maji marefu zikafuata miaka ya 1920. Bandari ya Kale ikabaki na vyombo vya tanga. Kaskazi ikishika, wazee waliokaa karibu na Ngomeni (Fort Jesus) walikuwa wakitambua bum la Kuwait na kotia la Kihindi lingali nje ya mwamba, kwa mkato wa tanga na kwa omo. Chombo kiliingia na maji kujaa, ngome ikiwa mkono wa kushoto. Kabla hujaona watu vizuri ulisikia ngoma, mabaharia wakiimba huku foromali ikiteremshwa, kisha upepo ukakuletea harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao. Kuna watu iliwatapisha. Sisi ilitwambia kwamba mwezi huo ada ya shule italipwa.

Daktari wa bandari alipanda kwanza, akafuata bwana forodha. Mabaharia walisimama kwa mstari wakitazamwa macho na ulimi, majina yao yakisomwa moja moja. Fomu za afya za wakati ule ziliuliza hata habari za panya wa chomboni, kama wamekufa kwa wingi kupita kawaida, kwa sababu ya tauni. Baba alikuwa akisema ofisa mmoja alimsisitiza nahodha kujaza sehemu hiyo, na nahodha akaapa kwamba panya wake wote ni wazima na wanamsalimu.

Ruhusa ikishatoka, nahodha alishushiwa hori. Alivaa kanzu mpya na kilemba kilichokuwa kimehifadhiwa sandukuni safari nzima, akaja moja kwa moja kwetu. "Salaam aleikum, ahli l-beit." Mama alimwitikia nyuma ya pazia: "Karibu ami, waonaje hali?" Dele lilikuwa tayari jikoni tangu tanga lilipoonekana, na halua iko sinia. Mazungumzo yalikuwa na utaratibu wake. Kwanza waliokufa, kwa pande zote mbili, na fatiha yao. Kisha waliozaliwa na waliooa. Kisha upepo ulivyokuwa, walipokwama, nani walimpita njiani. Bei haikutajwa siku hiyo. Mtu aliyeuliza bei ya papa wa chumvi au ya mazulia ya Kiajemi kabla ya kikombe cha tatu alijulikana kuwa mgeni wa kazi.

Usiku baba alifungua daftari. Lilikuwa kubwa, jalada la kitambaa cheusi, na aliliandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kuanzia kulia. Kila nahodha alikuwa na ukurasa wake: maji, unga, samli, ada ya bandari, chokaa na shahamu za kupaka chombo kikipwelewa, dawa ya homa ya kijana fulani, nauli ya mtu aliyepelekwa Lamu kuulizia boriti. Alitoa fedha zake kwanza. Alizirudisha mali ikiuzwa, na nyingine chombo kikishapakia boriti za kurudi nazo Ghuba, ambako miti ya kuezekea nyumba hakuna. Hapakuwa na wakili wala stempu. Nahodha mmoja aliondoka usiku na deni lake. Kaskazi iliyofuata aliyekuja ni mdogo wake, na kabla hajaketi alitoa fedha kiunoni akaziweka juu ya mkeka. Asingeweza kufanya vingine: bila kulipa, ukoo mzima ungekuwa hauna wa kuwapokea Mombasa.

Aliyetaka kuona safari hizo kwa jicho la baharia wa nje ni Mwaustralia Alan Villiers; alipanda bum la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939 pamoja na nahodha Ali bin Nasir Al-Nejdi, akapita Mogadishu, Lamu, Mombasa na Unguja mpaka delta ya Rufiji walikopakia boriti. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Villiers alikuwa amezoea meli za tanga za Ulaya, na alidhani anaandika habari za kitu kinachokaribia kufa. Kilidumu miaka mingine thelathini hivi.

Kilichokiua si sababu moja. Mafuta yaliwapa vijana wa Kuwait na nchi jirani kazi ya nchi kavu yenye mshahara wa kila mwezi, na nani basi atakubali kulala juu ya magunia? Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 yalivunja nyumba nyingi za wenyeji upande ule. Injini iliingia majahazini, na chombo chenye injini hakingoji kusi. Kinashusha, kinapakia, kinaondoka. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje. Wakati huo baba alikuwa amekwisha kulifunga daftari.

Mimi niliangukia kwa wageni wa aina nyingine: mtu na mkewe, kwa kawaida Wazungu, na mashua yao ya tanga, wakiizunguka dunia kwa hiari yao. Huja na kusi kutoka Shelisheli, na hukimbilia Kilifi au Mombasa, wengine Tanga na Unguja. Mwanzoni sikuwaelewa. Hawauzi, hawanunui, hawana deni. Lakini ukiwatazama wanavyoingia bandarini, utaona mambo ya zamani yote: bendera ya manjano juu, na bendera ya Kenya upande wa kulia wa mlingoti kwa heshima ya nchi waliyofikia. Hakuna anayeteremka ila nahodha, na karatasi mkononi.

Fomu zetu hazikuandikwa kwa ajili yao. Zinauliza tani za shehena, idadi ya abiria, bandari ya mwisho wa safari. Nilisimama na wanandoa Wafaransa mbele ya karani mmoja aliyekuwa akiijaza fomu kwa uangalifu. Shehena? Hakuna. Abiria? Hakuna. Karani akaweka kalamu chini: "Sasa mmekuja kufanya nini?" Yule mama akafikiri kidogo, akajibu, "Kuona." Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo. Niliwachukua nyumbani wakala mahamri na mbaazi wakati muhuri wa ofisi nyingine ukitafutwa, na kabla ya jioni walikuwa wameniuliza yale ambayo ofisi haiulizwi: fundi wa tanga ni nani, maji safi yachotwe wapi, daktari gani wa meno wa kuaminika, usiku walaze mashua upande gani wa mkondo. Ni maswali ya ukurasa wa daftari la baba, moja moja.

Wageni hao nao walikatika kwa muda. Oktoba 2009 mtu na mkewe Waingereza walitekwa na maharamia wa Kisomali wakitoka Shelisheli kuelekea Tanzania, wakashikiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa miaka kadhaa mashua za namna hiyo zilikwepa upande huu wa bahari, na walipoanza kurudi, wengi walikuja wakiwa na jina la mtu mkononi, mtu waliyeambiwa na wenzao kwamba akiwapokea mambo yataendelea. Sishangai. Ofisi nne zinaweza kukupa mihuri minne, na bado ukawa hujafika.

Nasema haya pia kwa sababu ya karatasi zilizobaki. Daftari za wenyeji wa Lamu, Mombasa, Unguja, Tanga na Kilwa ziko masandukuni mwa watu, zimeandikwa herufi ambazo wajukuu hawazisomi, na nimeona kurasa zake zikifungiwa njugu. Kama nyumbani kwenu lipo la babu, usilitupe na usimuuzie mtu wa vitu vya kale. Lipigwe picha kwanza, kisha wapelekee watu wa makumbusho pale Ngomeni, au wa nyaraka za Zanzibar, na uwape majina ya manahodha uliowasikia wakitajwa. La baba yangu limekosa kurasa za mwanzo. Aliye na habari za vyombo vya Sur vilivyokuwa vikifikia kwetu kabla ya vita vya pili vya dunia, anijulishe.